Leo Nakandamiza Tu

Tulimzika Mama Bhoke huko Butiama, katika shamba la mume wake, nyuma ya mihogo. Baada ya mazishi msemaji wa familia aliuliza kama kuna mwanafunzi wa zamani wa marehemu anayependa kutoa neno. Rehema, aliyekuwa ameketi ubavuni kwangu, akanisukuma kwa kiwiko, nikasimama. Njia nzima kutoka Musoma nilikuwa nimepanga maneno. Lakini kipaza sauti kilipofika mbele ya mdomo wangu, kimelowa pumzi za watu wote waliozungumza kabla yangu, maneno yote yalinipotea. Nikasema tu kwamba marehemu alinifundisha kuosha vifaa vya huduma ya kwanza, na kwamba alinifundisha vizuri. Kisha nikakaa. Watu walicheka kidogo, kicheko cha huruma, wakadhani nimezidiwa na majonzi. Sikuwa nimezidiwa na majonzi. Nilikuwa nimekumbuka hofu. Hofu ya mwaka mmoja mzima ilinirudia pale kwenye kiti cha plastiki, mikono ikawa baridi kama ilivyokuwaga wakati ule, na Rehema akaishika bila kuniuliza.

Habari za nyumbani kwetu nitazipita. Familia nyingi za ziwani zina makaburi ya miaka ile, na yetu hayana tofauti na ya wengine. Itoshe kusema kwamba nilizaliwa na virusi vya UKIMWI, kwamba niliambiwa nikiwa kidato cha pili, na kwamba nilipomaliza kidato cha nne waliojua habari hiyo walikuwa bibi yangu na manesi wa kliniki tu. Leo nalisema jina la hali yangu bila kushusha sauti. Nina mume, nina watoto wawili wazima, na vidonge vyangu vinakaa kabatini karibu na majani ya chai. Ninaposema niliogopa, vijana wa sasa wananitazama kama mtu anayesimulia habari za njaa ya zamani. Lakini mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa naamini kabisa kwamba mdomo wangu unaweza kuua mtu.

Nilikuwa nakaa Iringo, mjini Musoma, katika chumba cha uani nilichopanga na Rehema, binti wa fundi cherehani wa Bunda. Tulikutana kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, tukagawana chumba kwa kuwa sote tulitoka mbali. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, kwa hiyo mchana kulikuwa na mwanga wa kijivu, na jioni harufu ya dagaa wa kukaanga wa majirani ilikuja ikakaa mle ndani kama mgeni. Tulipika mlangoni kwa jiko la mkaa. Siku nyingi ni ugali wa muhogo na dagaa walioungwa kwa nyanya, siku nyingine sato mmoja tukimgawana, Rehema akipenda kichwa na mimi mkia. Ijumaa alipika pilau, na kila mara alinikumbusha kwamba sisi tuliokulia ugali hatujui kupika wali. Tulikula sahani moja. Kwake ilikuwa kawaida, kwangu ilikuwa mateso. Fizi zangu zilikuwa zinatoka damu mara kwa mara, na kila tonge nililochovya kwenye mboga nilijihesabia kama kosa. Nilichora mpaka katikati ya sahani ambao Rehema hakuuona, nikala upande wangu tu. Vidonge vyangu nilivitia kwenye kopo la poda, nikavishindilia pamba ili visilie nikilitikisa, na nilivinywa nilipokwenda bombani kuchota maji. Na ili nisikutane na mtu wa Musoma, kliniki nilikuwa nakwenda Bunda. Nilipojua kwamba Rehema ni mtu wa Bunda nilikuwa nimeshalipa kodi ya chumba.

Mafunzo yenyewe yalifanyika katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, si mbali na mwalo wa Mwigobero, mitumbwi ya samaki inapofikia. Shirika fulani lilitaka vijana wajifunze huduma ya kwanza kisha wakawafundishe wavuvi na watu wa mialoni, maana mitumbwi ilikuwa inapinduka na watu walikuwa wanafia mchangani huku wenzao wamesimama wanalia. Tulikuwa kikundi kidogo. Mwalimu wetu alikuwa Mama Bhoke, nesi mstaafu, Mkurya wa Tarime aliyeolewa Butiama, mwanamke mfupi wa raba nyeupe na sauti ndogo iliyotulazimisha kunyamaza ili tuisikie. Siku ya kwanza alifungua sanduku akatoa sanamu la mtu lisilo na mikono wala miguu, kichwa na kifua tu, mdomo wazi. Magesa, kijana wa Kisorya aliyekuwa mcheshi kuliko wote, akasema huyu ni binamu yake aliyepotelea ziwani. Jina likaganda. Kuanzia hapo sanamu likawa Binamu.

Kazi zilikuwa mbili: kumkandamiza Binamu kifuani, na kumpulizia pumzi mdomoni mpaka kifua kiinuke. Tulikuwa na Binamu mmoja, midomo yetu sote. Mama Bhoke alianza na usafi kabla ya pumzi. Mtu akimaliza kupuliza, mdomo na pua za Binamu vinafutwa kwa pamba yenye spiriti, kisha tunasubiri mpaka pakauke penyewe, bila kupuliza wala kupepea. Jioni uso unavuliwa, unaoshwa kwa sabuni, unalowekwa kwenye maji ya klorini kwa dakika kumi, unasuuzwa na kuanikwa, na mfuko wa plastiki ulioko ndani kama mapafu unatupwa. Kisha akasema jambo ambalo kwangu lilikuwa kama mlango uliofunguliwa ukutani. Mwenye mafua, mwenye kikohozi, mwenye kidonda mdomoni, mwenye tumbo la kuendesha, hapulizi siku hiyo. Anafanya kifua tu. Na hatumwulizi ni lipi kati ya hayo linalomsumbua. Anasema, leo nakandamiza tu, inatosha.

Zamu yangu ilipofika nikasema, leo nakandamiza tu. Nikasema hivyo kesho yake, na wiki iliyofuata. Wenzangu waliitumia ruhusa ile mara moja moja, mimi niliigeuza kuwa maisha. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeshaogopa. Nilisukutua kwa maji ya chumvi, nikatema nikatazama, na nikiona uzi mwekundu kwenye mate nilisukutua upya. Sikuogopa kufa. Nafikiri nilikuwa nimeshakizoea kifo, kwa namna mtu anavyozoea jirani mgomvi. Nilichoogopa ni Rehema aje akohoe siku moja, au Magesa akonde, halafu watu wote wahesabu kurudi nyuma mpaka wafike kwangu. Na siku moja, wakati wa chai, niliyasikia yale niliyokuwa nayasubiri. Nilikuwa nje ya dirisha nikisuuza vikombe. Magesa ndani alikuwa anamwambia mwenzake kwamba kuna watu wanakuwaga nao na wanaonekana wazima kabisa, wanene hata, na wewe unakwenda kuweka mdomo pale alipoacha mate yake. Mwenzake akasema si kuna spiriti. Magesa akajibu kwamba spiriti ni ya kufuta vumbi. Nilisimama pale na kikombe mkononi mpaka maji ya bomba yakafurika karoni na kuniloanisha miguu.

Nikajitolea kuwa mwoshaji. Wote walifurahi, maana hakuna aliyependa kazi ile. Jioni wenzangu walipoondoka nilibaki uani na beseni na chupa ya klorini, nikamwaga. Kipimo kilikuwa kimeandikwa ubaoni kwa mkono wa Mama Bhoke, nami nilikizidisha, kwanza mara mbili, halafu bila kupima. Nilitaka maji yaume. Nilitaka yanuke mpaka macho yatoke machozi, ndipo niamini. Na ingawa mimi nilikuwa sipulizi kabisa, nilimsugua Binamu kama mimi ndiye niliyemchafua. Ngozi ya vidole vyangu ikaanza kuchubuka. Asubuhi wenzangu walipoinama kupuliza walikohoa kwa ile harufu, wakalalamika, na kila aliyekohoa alinitia hofu mpya, kwamba labda imeshaanza.

Jioni moja Mama Bhoke alirudi kuchukua mwavuli aliousahau. Akanikuta nimechuchumaa na chupa imeinamia beseni. Hakupaza sauti. Aliniuliza ni nani aliyeniambia nimwage hivyo, nikamjibu kwamba nataka vidudu vyote vife. Akauchukua uso wa Binamu, akaugeuzageuza kwenye jua la jioni, akaniita nisogee. Pembeni mwa midomo ile ya mpira kulikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino.

"Unaziona hizi?" akasema. "Mpira ukiwa laini tunaosha, uchafu unatoka. Ukipasuka, uchafu unapata pa kujificha. Dawa ikizidi haisafishi zaidi, mwanangu. Inaharibu."

Nikaanza kulia. Sikuwa nimekusudia. Aliweka uso ule pembeni, akachukua mikono yangu, akavitazama vile vidole vilivyochubuka, akavimwagia maji safi taratibu kutoka kwenye jagi. Nadhani aliyajua yote hapo hapo, kama nesi anavyojua. Lakini hakuniuliza. Alisema tu kwamba alipoanza kazi wodini, zamani, walikuwa wanachagua wagonjwa kwa macho: huyu tumvalie glavu, huyu hapana. Walikosea kila siku, waliambukizwa na wale waliowaona wasafi, na waliwaumiza wale waliowadhania. Ndipo wakajifunza kumfanyia kila mtu sawasawa. Akasema utaratibu ule wa spiriti na klorini uliwekwa ili yeye asilazimike kumwuliza mtu yeyote habari zake, na mtu yeyote asilazimike kumwambia.

Hata hivyo nikamwambia. Nikamwambia, "Mama, mimi ninao. Na fizi zangu zinatokaga damu."

Akaendelea kunimwagia maji. Akasema kilichomo kwenye damu yangu hakikai kwenye mpira uliofutwa kikamngoja mwenzangu, na mate hayakibebi. Kinachopita kwenye mdomo wa Binamu ni mafua, vidonda vya midomo, vifua vya watu wasioziba mdomo wanapokohoa, na magonjwa ya kuhara ya mikono michafu. "Fizi zikitoka damu, kandamiza," akasema. "Zikipona, puliza. Kama mtu mwingine yeyote." Kisha akanionyesha tena jinsi ya kupima klorini kwa kifuniko, akanisimamia mpaka nikapatia, na akaniandikia dawa ya kusukutua.

Ningependa kusema kwamba hofu iliniacha jioni ile. Haikuniacha. Nilimwamini Mama Bhoke kwa kichwa, lakini mwili ulikuwa na imani yake. Ilipungua kidogo tu, kiasi cha kuniruhusu kulala. Fizi zilipona polepole. Nikaanza kufikiri kwamba siku ya mtihani, ambayo ilipangwa kufanyika Butiama mbele ya walimu na wanakijiji, ningeweza kupuliza na kupata cheti. Ndipo nilipokwenda kliniki Bunda, nikakaa kwenye benchi nimejifunika mtandio mpaka kwenye pua, na mwanamke mmoja aliyemleta binti yake mjamzito akasimama mbele yangu. "Wewe si ndiye unayekaa na Rehema wetu?" akauliza kwa furaha. Alikuwa shangazi yake, alikuja mara moja Iringo na kutuletea viazi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, macho yake yakapanda kwenye kibao cha mlango niliokuwa nausubiri, yakashuka, na ile furaha ikaondoka usoni kwake kama maji yanavyonywewa na mchanga.

Nilirudi Musoma nikasubiri. Sijui namna ya kuieleza ile kusubiri kwa mtu ambaye hajawahi kusubiri hivyo. Rehema alikwenda kwao sikukuu ya Idi, na aliporudi alisema hana njaa. Kesho yake alikula kabla sijafika. Kisha nikakuta kikombe kipya dirishani, cha bati, chenye maua, na mswaki wake umehamia ndani ya begi lake. Alinisalimia, alinikaribisha, alicheka palipohitaji kuchekwa, lakini alikuwa anatembea mle chumbani kama mtu aliyebeba beseni limejaa maji. Nilipika kidogo, nikala kwenye kifuniko cha sufuria ili sahani ile iwe yake, na nilipokuwa nakwenda bombani nilikiacha kile kikombe cha maua mahali kilipo bila hata kukigusa.

Siku ya Butiama tuliwekwa kwenye darasa la shule, wanafunzi wakiwa likizo. Madawati yalisogezwa ukutani, walimu na wanakijiji wakakaa juu yake, na Binamu akalazwa katikati juu ya turubai, akiwa na uso mpya Mama Bhoke aliouagiza. Alipiga magoti yule aliyetangulia, akakandamiza, akapuliza, tukafuta, tukasubiri, na hatimaye likaitwa jina langu, Vero. Magoti yangu yalikuwa yanatetemeka hadi turubai likawa linalia. Asubuhi ile nilikuwa nimesukutua na kutema mara nyingi, mate yalikuwa meupe. Nikainamisha kichwa cha Binamu nyuma, nikabana pua yake, nikaweka mdomo wangu pale ambapo kwa miezi yote nilikuwa naosha tu, nikapuliza. Kifua kikainuka. Nilipokiona kinainuka nilitaka kucheka. Nikapuliza tena, nikasimama, nikafuta kwa spiriti, nikarudi nyuma.

Aliyefuata alikuwa Magesa. Hakusogea.

"Mama," akasema, "mimi sipulizi baada ya Vero."

Mama Bhoke akamwuliza kama ana mafua. Akasema hana. Akamwambia kwamba kama hajisikii vizuri aseme leo anakandamiza tu, hakuna atakayemwuliza. Magesa akatazama chini. Hakuwa na sura ya ubaya, naikumbuka vizuri, ilikuwa sura ya mtu aliyeogopa kama mimi. Akasema si yeye mwenye tatizo, na kwamba Bunda watu wanasema, na Mama mwenyewe anajua. Darasa zima likageuka kunitazama. Rehema alikuwa amesimama karibu na ubao, ameshika khanga yake kwa mikono miwili, hanitazami.

Mwalimu mmoja wa kiume, nadhani kwa nia njema, akasema kutoka nyuma kwamba mama apulize mwenyewe, hapo hapo, bila kufuta, ili watu waone hakuna madhara. Wengine wakaitikia. Nami moyoni nilimwomba afanye hivyo. Niliona ndiyo njia pekee ya kuniokoa.

Mama Bhoke akachukua pamba, akaitia spiriti. "Hapana," akasema kwa ile sauti ndogo, na watu wakanyamaza ili waisikie. "Nikiacha kufuta leo, nitakuwa nimewaambia kwamba siku zote nilikuwa nafuta kwa sababu ya huyu binti. Nafuta kwa sababu ya kila mtu. Na mimi nimo."

Akafuta mdomo wa Binamu, ingawa mimi nilikuwa nimeshaufuta, akafuta pua, akasubiri. Ilikuwa ndefu ile kusubiri. Mbuzi alilia nje, mtu akakohoa na kuziba mdomo wake kwa aibu. Spiriti ilipokauka akapiga magoti, akapuliza, kifua kikainuka. Akafuta tena. Akasubiri tena, urefu ule ule. Kisha akauliza nani anafuata, kama vile hakuna kilichotokea.

Magesa akatoka nje, na wengine wawili wakamfuata. Nikasikia nyayo za mtu zinakuja upande wangu, nikafumba macho. Zilikuwa za Rehema. Alinipita, akapiga magoti, akashika kidevu cha Binamu, akakaa hivyo kwa muda, mdomo wake juu ya ule wa mpira bila kugusa. Halafu akapuliza.

Kesho yake asubuhi, tukichambua mchele mlangoni, ndipo alipozungumza. Aliniambia kwamba shangazi alisema dukani kwa baba yake, mbele ya wateja, na Magesa alikuwepo, amepeleka suruali kupunguzwa. Akaniambia kwamba yeye alinunua kikombe siku ile ile. Nikasema nakijua. Akasema alihesabu tangu tulipoanza kula sahani moja, akajipima kwa siri, akakaa akisubiri majibu na mimi nikiwa kitandani karibu yake, na hakutaka nijue. Wote wawili, chumba kimoja, kila mtu na hofu yake. "Bado naogopa kidogo," akasema, "nisikudanganye. Lakini jana nilikuona ulivyokuwa unatetemeka, nikaona mimi ninaogopa ya kusikia, wewe unaogopa kila ukifungua mdomo." Mchana alipakua ugali kwenye sahani moja. Nilijaribu kula upande wangu, naye akavusha dagaa mpaka kwangu kwa kidole.

Magesa alirudi wiki kadhaa baadaye, kwenye mazoezi yaliyoendelea baada ya mtihani. Hakuniomba radhi wala sikuisubiri. Alikuwa ananisalimia kwa mbali, nikimaliza kupuliza anasubiri spiriti ikauke kabisa, halafu anasubiri zaidi. Mama Bhoke alimwacha asubiri. Hivyo ndivyo tulivyofika mwisho wa mwaka, na hivyo ndivyo tulivyokwenda Kisorya, nyumbani kwa Magesa, kuwafundisha wavuvi na watu wanaosubiri kivuko cha kwenda Ukerewe.

Ilikuwa mchana. Mama Bhoke alikuwa amepanda ofisi ya kijiji kuaga, Binamu na vifaa vyote vikiwa huko juu. Mimi na Magesa tulikuwa tunakunja turubai ufukweni tuliposikia wanawake wanapiga kelele. Mtoto aliyekuwa anaruka juu ya mitumbwi iliyofungwa alikuwa ameteleza katikati yao, na hakuna aliyejua ameingia upande gani. Magesa alijitupa majini na viatu vyake. Alizama, akaibuka, akazama tena, mara nyingi, mpaka nikadhani nitawapoteza wote wawili. Alipotoka alikuwa na mvulana mdogo begani, mlegevu, midomo ya buluu. Alimlaza mchangani mbele yangu, akaanguka kwa mikono na magoti, anahema hata hawezi kusema.

Nilipiga magoti. Nilijua la kufanya, mikono yangu ilijua. Niliinua kidevu, nikatazama kama kifua kinacheza, hakichezi. Kisha nikaganda. Hapakuwa na spiriti, hapakuwa na kile kiplastiki chenye kitundu tulichofundishwa kumwekea mtu mdomoni kabla ya kupuliza, hapakuwa na mdomo wa mpira. Ulikuwa mdomo wa mtoto wa watu. Mama yake alikuwa amefika, ananitazama mimi, mimi tu, na nilihisi ladha ya chuma kwenye ulimi wangu ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa damu au ni hofu.

Magesa akainua kichwa. "Vero, puliza," akasema. "Mimi sina pumzi."

Nikapuliza. Pumzi za kwanza hazikuingia, nikainamisha kichwa zaidi, zikaingia. Magesa alijikokota akaweka mkono kwenye kile kifua kidogo, akakandamiza, akihesabu kwa sauti iliyokatika, nami nikapuliza, akakandamiza, nikapuliza. Sijui ilikuwa muda gani. Mtoto akatikisika, akatapika maji na uji ndani ya mdomo wangu, akavuta pumzi yenye mlio, akalia. Tukamgeuza ubavu. Ufuko mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mtu akaleta pikipiki, mama yake akapakiwa nyuma amemkumbatia, wakaondoka kwenda hospitali, na nikabaki nimekaa mchangani.

Mama Bhoke alinikuta nyuma ya nyavu za dagaa, nimejikunyata. Alikuwa amekutana na pikipiki njiani, akaisimamisha, akamsikiliza mtoto kifua. Nilianza kumweleza kabla hajakaa. Nikamwambia nimempulizia bila kitu chochote, kwamba sijui kama fizi zilikuwa nzima, kwamba itakuwaje kwa yule mtoto, na kama tumkimbilie hospitali tuwaambie. Maneno yalikuwa yananitoka yamevunjika. Akanishika kidevu.

"Mtoto analia kwa nguvu, yuko salama. Fungua mdomo," akasema. Akatazama ndani kwa muda mrefu, akageuza uso wangu kwenye mwanga. "Fizi ni nzima. Alivyotapika, umemeza?"

Nikasema nadhani nimemeza kidogo. Akafunga macho. Akaniuliza kama ninakunywa dawa zangu vizuri, akaniuliza kipimo changu cha mwisho cha kinga ya mwili kilisemaje, akasema kijiji kile kina watu wanaoharisha tangu wiki iliyopita na kwamba tunakwenda hospitali sasa hivi, siyo kesho. Alikuwa anakusanya vitu vyake haraka haraka, anaangusha, anaokota. Sikumwelewa. Nikamwuliza tena juu ya mtoto, kwa nini anaharakisha kama mtoto yuko salama.

Akasimama. "Mtoto sina wasiwasi naye," akasema. "Nakuogopea wewe."

Kisha akanipa chupa yake ya maji nisukutue, na akasimama pale akiningojea nimalize.